Mtu wa Bahasha

Opareta alikuwa na kikohozi cha kusingizia. Kila alipotaka kubonyeza kitufe na kusema kwenye simu ya upepo alikohoa kwanza, kikavu, kama mgeni anayebisha hodi kwa watu waliokwisha kumchoka. Mimi nilikuwa nashona cherehani barazani, dirisha lake likiwa mgongoni kwangu, na kikohozi kile nilikisikia kuliko nilivyosikia sauti ya mama yangu mzazi. Mpaka leo mtu akikohoa hivyo nyuma yangu kwenye foleni, nageuka nikiwa nimeshakunja uso.

Nitamsema. Najua mzee hasemwi, lakini huyu alinikosesha mume, na hakunikosesha kwa fitina wala kwa uchawi. Lilikuwa neno moja tu, lililopita mikononi mwake likiwa limeharibika, naye akaliacha lipite. Ukiwauliza watu wa Nyahanga, mtaa wetu hapa Kahama, wanaomkumbuka watakwambia alikuwa mtu wa siri, mtu wa kanuni, mtu wa kazi yake. Yote hayo ni kweli kabisa, na ndiyo yanayonikera.

Duka lilikuwa la Tajiri. Sote tulimwita hivyo, wafanyakazi na wapita njia, na yeye aliitika. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale Nyahanga, na Kisukuma chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alinunua pamba, akauza khanga, misumari na sabuni, na malori yake yalikwenda Shinyanga upande huu na Geita upande ule. Miaka ile ya tisini mwanzoni simu ya mezani ilikuwa kitu cha kubahatisha, kwa hiyo Tajiri aliyaendesha malori yake kwa simu ya upepo: redio ya kijivu juu ya meza, betri ya lori sakafuni, na waya mrefu uliopanda kwenye mlingoti nyuma ya stoo. Mambo ya malori yakishasemwa asubuhi, watu wa kawaida waliruhusiwa kutuma salamu zao. Tajiri alisema inaleta wateja. Kweli walikuja, ila wengi wao waliondoka wakitukana.

Maana hapo katikati kulikuwa na Opareta. Mtu mfupi, shingo ndefu, koti la kaki lililofungwa vifungo vyote kwenye jua la Kahama linalopasua midomo. Kutwa nzima alitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa juani, tena mikavu, bila hata kuichemsha, kru kru kru. Lakini ole wako uingie mle ndani na andazi.

"Makombo yanaita panya, na panya wanakula waya."

"Na michembe je, mzee?"

"Michembe haina makombo."

Ungebishana na mtu kama huyo? Mimi nilibishana. Nilibishana naye miaka yote, na sikumbuki hata siku moja niliyoshinda.

Sasa nieleze ujumbe ulivyosafiri, maana bila hilo hamtanielewa. Rwamgasa, kule kwa wachimbaji wa dhahabu, hawakuweza kusikilizana moja kwa moja na Mwadui kwenye mgodi wa almasi. Ni mbali. Basi ujumbe ulipokezanwa. Mtu wa redio wa Rwamgasa alimpa wa Geita, wa Geita akampa Opareta wetu Kahama, Opareta akampa wa Shinyanga mjini, na wa Shinyanga akamalizia kwa wa Mwadui, ambaye aliuandika kwenye karatasi na kumpelekea mwenyewe. Jibu lilirudi kwa mikono hiyohiyo, kinyumenyume. Ujumbe wenyewe ulikuwa na kichwa, yaani unatoka kwa nani na unakwenda kwa nani. Ukawa na mwili, yaani yale maneno. Na ukawa na mkia, ambako kila kituo kilijiandika kabla ya kusukuma mbele. Mmoja wao akikataa, basi. Mnyororo wote ulisimama palepale na ujumbe ukarudi ulikotoka na neno moja tu: kasoro.

Opareta aliipenda kasoro kuliko mshahara.

Alikuja mama mmoja anatweta, amtumie mwanawe wa Geita habari kwamba mkewe amejifungua salama. Opareta akachukua kalamu taratibu. Mwanao nani? Masunga. Masunga wa nani? Masunga wangu mimi! "Geita ina akina Masunga wangapi, mayu?" yaani mama. Akamtaka jina la baba wa Masunga, na mama wa watu, ambaye jina la mumewe hakuzoea kulitamka hadharani kwa heshima, akabaki anashika shingo. Opareta akafunika kalamu. "Kasoro ya kichwa," akasema, akarudi kwenye michembe yake. Yule mtoto alikuwa ameshaanza kucheka na watu ndipo baba yake akajua kwamba amezaliwa.

Au wachimbaji waliopita pale wakirudi makwao. "Mzee, nitumie Lwamgasa." "Lwamgasa siijui." "Si hii hapa, ng'ambo ya Geita, Lwamgasa!" "Mimi naijua Rwamgasa. Hiyo yako labda imeanza juzi." Kijana wa watu anatokwa jasho, ulimi anaukunja na kuukunjua, na sisi barazani tunamwonea huruma huku tunacheka. Mpaka atoe ile r ndipo anaandikiwa.

Hapo kwenye r ndipo penye ugonjwa wake wote. Sisi Wasukuma herufi mbili hizi hutuchezea. Lugha yetu haina haja na r, basi ulimi ukikutana nayo kwenye Kiswahili unaigeuza l. Na mwenzetu aliyechekwa mara moja akaona haya, yeye anazigeuza zote kuwa r na kuharibu hata palipokuwa pazuri, analala anasema anarara. Opareta alikuwa Msukuma mtupu kama mimi. Ujana wake alipelekwa mafunzo ya simu Dar es Salaam, na mkufunzi akamsimamisha mbele ya darasa alitaje neno barabara. Kila aliposema balabala wenzake walipiga makofi. Hadithi hiyo alinisimulia mwenyewe, siku moja tu, kisha akaninunia wiki nzima, utadhani mimi ndiye niliyepiga makofi.

Basi alirudi kwao na r ngumu kama kokoto, akaapa kwamba kwake haitapita l iliyokaa kwenye kiti cha r. Wa Geita akimwambia balua, anaandika barua. Akiambiwa habali, anaandika habari. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akijisifu kila siku, "Mimi ni mtu wa bahasha, barua si yangu." Ukimwuliza ujumbe fulani ulisema nini, hata ukiwa wa ndugu yako wa tumbo moja, atakwambia hajui, yeye anatazama bahasha. Ujumbe ukiwa wa mambo ya nyumbani alifunga na dirisha. Siri za watu alizificha kwelikweli, hilo nampa. Lakini kila barua aliifungua akainyoosha maneno! Nikamwambia siku moja, mzee, mtu wa bahasha gani huyu mwenye mkasi? Akakasirika mpaka r zikamtoroka. "Ondoka balazani kwangu!" Wasichana wa dukani walikimbilia nyuma ya marobota ya khanga kuchekea huko.

Kuna jambo moja lake ambalo nilishindwa kulichukia. Ujumbe wa msiba hakuusema akiwa amekaa. Iwe ni wa kutuma au wa kupokea, alivuta kiti nyuma, akasimama wima, akashika kile kipaza kwa mikono miwili na kusema polepole. Hata kama marehemu ni mtu wa mbali asiyemjua. Akimaliza alikwenda nyuma kwenye pipa la maji, akanawa uso, akarudi na macho mekundu na kumgombeza mtu wa kwanza aliyemkuta. Nilipomwuliza kwa nini anasimama, alinijibu kwamba mgongo unamsumbua.

Halafu ikaja ile ya mwalimu. Mwalimu mmoja wa upande wa Geita alikuwa na mtihani wa shule, na wanafunzi hawana kalamu. Akamtumia kaka yake wa Shinyanga, mwenye kibanda cha vitabu: "Kalamu Jumamosi. Usikose." Wa Geita akasema kalamu, sawasawa kabisa. Opareta akasikia l, akajua hawa ndugu zangu wamezoea, akainyoosha. Ikaenda Shinyanga: "Karamu Jumamosi. Usikose."

Jumamosi kaka mtu akashuka kwenye basi na mke, watoto, mama mkwe, na mbuzi juu ya keria. Mwalimu nyumbani hana hata unga wa kutosha, wanafunzi wake wanaandikia mkaa, na wageni wamevaa nguo za sherehe. Jumatatu alikuja Nyahanga mwenyewe, akapanda baraza, akapiga kelele mpaka wateja wakaacha kununua. Sijapata kumwona Opareta mdogo vile. Tajiri alisikiliza yote, akasubiri mwalimu aondoke, akasema mbele yetu sote:

"Kuanzia leo unaandika unachosikia. Ukigeuza hata herufi moja, Opareta, nakupeleka kupima pamba."

Kupima pamba ni kusimama kwenye mizani kule godauni, vumbi mpaka kwenye kope, wakulima wanakulaani kwamba unawaibia. Opareta akaingia ndani, akafunga dirisha, na kuanzia siku ile akatii. Lakini alitii kwa kisirani. Akiambiwa habali anaandika habali, akiambiwa loho anaandika loho, na kila ujumbe uliopita kwake ukaenda mbele kilema hivyohivyo. Wa Shinyanga alilalamika hewani, "Kahama, mnaumwa nini huko? Ova." Opareta akajibu, "Ninapeleka ninachosikia. Ova." Wa Shinyanga ikambidi anyooshe yeye yale yaliyokuwa wazi. Tulicheka msimu mzima. Tajiri naye alicheka, kisha akasahau.

Nije kwangu sasa. Mimi nilikuwa naishi Nyahanga kwa shangazi, na baba yangu alikuwa mlinzi Mwadui. Kulikuwa na kijana anaitwa Masanja, mchimbaji wa Rwamgasa, ambaye kila lori lilipomleta Kahama alinipa suruali nimtilie viraka magotini. Suruali ile ilifika mahali ikawa viraka vitupu, na bado alikuwa anaileta. Nilipomwambia anunue nyingine aliniuliza, sasa nikinunua nyingine nitakuja kufanya nini hapa? Nikamwelewa. Shangazi naye akaelewa, na baba akapelekewa habari kwa njia za heshima. Baba hakukataa. Alisema tu kwamba binti yake hatoki nyumbani kabla ng'ombe hawajaingia, na atakayetaka njia ya mkato asahau jina lake. Masanja akasema sawa, duara likitema, yaani shimo likitoa dhahabu, kitu cha kwanza ni ng'ombe.

Nilingoja. Nilikuwa na umri ambao wenzangu wote walishabeba watoto mgongoni, na shangazi alishaanza kuugua kila Jumapili akiwaona wakipita kwenda kanisani. Sikuwa nangoja kingine chochote hapa duniani ila ujumbe mmoja kutoka Rwamgasa kwenda kwa baba yangu, kwamba mahari iko tayari.

Dereva wa lori akaniletea amri ya baba: panda uje Mwadui. Nikaenda nikiwa na khanga mpya. Nikamkuta baba amekaa na karatasi ya redio gotini, hanitazami. Mama akaniambia nisome mwenyewe. Juu jina la baba na jina la mjomba wake Masanja, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Katikati imeandikwa: "Mahali tayari. Tunangoja ruhusa."

"Amepanga chumba," baba akasema. "Amepata mahali pa kukuweka, sasa anangoja nikupakie kwenye lori kama gunia la mpunga. Hata aibu hana. Anaomba na ruhusa!"

Mungu anisamehe, niliamini. Nililia kwa hasira, si kwa baba, kwa Masanja. Chumba! Baada ya viraka vyote vile! Baba alishatuma jibu: "Mwanangu si mzigo. Yaishe." Likarudi kinyumenyume, Shinyanga, Kahama, Geita, Rwamgasa. Lilipita nyuma ya mgongo wa cherehani yangu na dirisha limefungwa.

Masanja hakuja tena na suruali. Sikumwulizia, na nilimwambia shangazi akimtaja jina lake nitahama. Ikapita masika, ikaingia kiangazi. Ndipo siku moja akapanda baraza yule mjomba mtu, yuko safarini na anatafuta uzi, akanikuta. Aligeuka aondoke. Nikamwamkia, shikamoo, maana mtu mzima ni mtu mzima. Akaitikia marahaba, akasimama, na ikamtoka.

"Mama, nyinyi ni watu wa namna gani? Tumekusanya ng'ombe, tumewalaza kwangu, tumetuma neno kwa adabu kwamba tunangoja kuambiwa tuwalete. Baba yako anatujibu wewe si mzigo? Na wewe unakaa hapahapa penye ledio, umesikia, umenyamaza!"

"Mlituma nini, baba?"

"Mahali tayali."

Alilitamka hivyo, mzee wa watu, kwa ulimi wetu. Nikamwambia alirudie, akalirudia, mahali. Nikamwuliza, ni ya ng'ombe? Akanishangaa: "Sasa kuna mahali gani nyingine?"

Alinieleza pia kwamba Masanja alikaa muda mrefu bila kusema na mtu, na sasa wazee wamemtafutia msichana upande wa kwao, wako kwenye mazungumzo. Ng'ombe bado wako kwake. Nikasikia hilo tu, bado wako.

Nikaingia ndani kwa Opareta bila hodi. Mkasi ulikuwa mkononi, si kwa nia mbaya, nilisahau tu kuuweka, lakini yeye alirudi nyuma mpaka akagonga betri.

"Mzee, ujumbe wa Rwamgasa kwenda kwa baba yangu. Ulisikia nini?"

"Mimi ni mtu wa..."

"Ulisikia nini!"

Akanyoosha koti. "Mahali tayali, tunangoja luhusa. Nikapeleka hivyohivyo. Niliamriwa."

Nikaliona lote kwa mara moja. Wa Shinyanga alikutana na tayali, akajua hakuna neno hilo, akainyoosha. Akakutana na luhusa, akainyoosha pia. Akakutana na mahali, na mahali ni neno zima, lina kazi yake, hakuna kasoro. Akaliacha.

"Mtu anayesema tayali na luhusa," nikamwambia, "mahali yake ni ipi, mzee? Wewe ambaye masikio yako yanakamata r iliyopotea kutoka Geita! Hukujua?"

Alitazama dirishani. "Marekebisho yanatoka kwa aliyetuma," akasema. "Ndiyo kanuni."

Nilitamani anitukane nipate kumrudishia. Niliondoka nikapanda lori la kwanza la Shinyanga, nikafika Mwadui, nikamweleza baba. Alivua kofia. "Basi nimewatukana watu waliokuja kwa heshima," akasema, na asubuhi yake akaenda redioni mwenyewe, yeye aliyekuwa haombi msamaha hata kwa mama, akatuma: "Nilisikia vibaya. Mahari ileteni. Nisameheni." Neno mahari alimfanya yule kijana wa redio alitaje herufi moja moja, mpaka kijana akachoka.

Nilirudi Kahama kungojea jibu. Sikushona kitu. Nilikaa kwenye kiti changu nimegeukia dirishani, na safari hii Opareta hakulifunga. Sijui alisahau au vipi. Alikuwa anaita Geita na Geita inakwaruza, mara inapatikana mara inapotea. Kisha ikasikika, na yeye akaanza kuandika. Akaandika maneno machache. Halafu nikamwona anavuta kiti nyuma. Akasimama wima, akashika kipaza kwa mikono miwili.

Nikajua kabla hajasema.

Alipomaliza kupokea alikuja dirishani. Ujumbe ulikuwa wa baba, ulipaswa kwenda kwanza Shinyanga, kisha Mwadui, mimi si mtu wa kusomewa. Akanisomea. "Ng'ombe wameshakwenda kwingine. Msitulaumu." Wazee walikuwa wamewapeleka kwa yule msichana wa kwao juma lile. Nikamwambia ahsante, sijui kwa nini nilimwambia ahsante. Nikageukia cherehani, nikamalizia sare ya mtoto wa watu, na nikaitia mikono yote miwili upande mmoja.

Niliendelea kukaa barazani pale. Ningekwenda wapi? Nilikaa nikisikia kru kru kru ya michembe nyuma yangu, na wachimbaji wakifundishwa kusema Rwamgasa, na sikumsemesha zaidi ya salamu. Baadaye niliolewa na mtu wa mbao, mtu mzuri, mpole, ng'ombe wake waliingia kwa baba mchana kweupe. Tulipata mapacha, ndiyo nikawa Mama Kulwa. Sina lalamiko naye, na ninamtaja hapa kwa sababu akijua nimesimulia haya bila kumtaja ataninunia.

Mwishoni mwa miaka ile simu za kueleweka zilifika Kahama, Tajiri akahamishia biashara Mwanza, na Opareta akabaki kwake, mitaa ya nyuma ya soko. Nikasikia mguu umevimba, hatoki. Shangazi akanigombeza kwamba mtu niliyekaa naye dirisha moja miaka yote ile anaumwa na sijaenda kumwona. Nikanunua sukari, nikaenda.

Mkewe alinipokea vizuri sana, mama mnene mchangamfu ambaye sikuwahi kumjua vizuri. Akaniweka kwenye kigoda karibu na kitanda, nikaweka sukari juu ya meza ndogo, naye akaenda nje kuinjika chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mguu unasemaje?"

"Unasema unachotaka." Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akatazama mlangoni kuhakikisha mkewe yuko mbali. "Mama Kulwa, ile mahari yako. Nilijua."

Sikumwuliza ipi. "Ulijua nini?"

"Nilijua ni mahari. Wa Geita hajamaliza kulitamka nilishajua. Jina la baba yako liko kichwani, jina la mjomba wa yule kijana liko hapohapo, na wewe uko barazani unangoja. Nani asingejua?"

"Sasa?"

"Nikasema niipeleke vilevile. Iharibike huko mbele, watu waje juu, Tajiri aone amri yake imefanya nini. Nilijua haitafika mbali. Nikasema Shinyanga watauliza. Wasipouliza Shinyanga, baba yako mwenyewe atauliza, mahali gani? Siku hiyohiyo wataniita, nitarekebisha. Nilishinda redioni, hata chakula nilichoagizia sikukila. Hakuna aliyeuliza."

"Na jibu la baba lilipopita? Umelisoma, mwanangu si mzigo. Ulikuwa umeshajua limeharibika."

Alijikuna kifuani. "Hapo niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kupelekwa kupima pamba."

Alilisema hilo polepole, na r hata moja haikuwamo ya kumsumbua. Kupima pamba! Kuna wanaume Kahama hii wamepima pamba miaka, wamelea watoto, wamejenga. Mjomba wangu alipima pamba. Nilimtazama yule mzee na shingo yake ndefu juu ya mto, na nilikuwa nimekuja nimejiandaa kumhurumia, jamani, nilikuwa nimejiandaa kabisa.

"Unanisamehe, mayu?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ndiyo, maana mgonjwa huambiwa ndiyo, na mimi nina watoto, nina mume mzuri, mambo yenyewe ya zamani. Nikakaa pale na mdomo wazi, na ile ndiyo haikutoka. Nikanyanyuka. Nikachukua ile sukari mezani, mbele ya macho yake, nikatoka nayo nje.

Mkewe alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga, anapuliza moto. "Mbona mapema hivyo, Mama Kulwa? Chai bado!"

Nikamwekea sukari mikononi. "Hii ni yako wewe, mama. Yako peke yako. Huyo wa ndani asionje hata kijiko."

Akacheka sana, akanipiga begani, akadhani ni utani. Nikamwambia sitanii, nikaenda zangu.